Komandoo wa jeshi au wa polisi: ugaidi ukitokea mjini nani avunje mlango?

Stori za vijiweni kuhusu makomandoo zinaenda njia moja tu, nani ana shabaha, nani anakula nyoka, nani anaruka na parachuti usiku wa giza. Sawa, zinanoga. Ila ukikaa ukafuatilia matukio yenyewe moja moja unakuta nchi nyingi hazikuumbuka kwasababu askari wao hawajui kulenga (Munich kidogo ndio ilikuwa hivo, nitafika huko), ziliumbuka kwasababu ndege haikuwepo, au amri ilichelewa, au vikosi viwili viliingia jengo moja kila kimoja na bosi wake. Na kwetu Tanzania kuna watu wawili wasioelewana kabisa, mmoja anasema jeshi lipewe kila kitu maana polisi hawawezi, mwingine anasema jeshi likae kambini lisubiri vita. Mi nimeona niiweke hii mifumo ya wenzetu kwenye mizani moja, alafu nirudi kwa jirani zetu Kenya ambao ndio wamelipia hili somo kwa damu, tuone kipi kinabebeka.

Tuanze na Uingereza maana ndio inatajwa sana. Pale mfumo ni wa kijeshi. SAS ndio makomandoo wa jeshi lao, regimenti ya 22, kambi yao iko Hereford, mji ulio mbali na London, wana skwadroni nne za mapigano, A, B, D na G, na kila skwadroni ina makundi manne, kundi la angani, la maboti, la magari na la milimani. Siri yao ni zamu, skwadroni moja inabaki nyumbani kwa ajili ya ugaidi, vifaa vimeshapakiwa, simu ikilia wanaondoka, wengine wako mazoezini au nje ya nchi, alafu wanabadilishana. Maana yake yule anayevunja mlango London mwaka huu ndio huyohuyo aliyekuwa jangwani mwaka juzi, hakuna komandoo anayezeeka anapiga shabaha za mazoezi tu. Baharini ni kazi ya SBS, makomandoo wa jeshi la maji walioko Poole. Juu yao wote kuna kurugenzi moja, na chini ya kurugenzi hiyo kuna SRR ya upelelezi iliyoanzishwa 2005, SFSG ya 2006 ambao kazi yao kubwa ni kuzingira na kuwapa nguvu wale wa mbele, watu wa mawasiliano wao wenyewe na marubani wao wenyewe. Yani ukimwita mmoja umeita ukoo mzima.

Lakini kinachonivutia mimi kwa Waingereza ni karatasi. Tarehe 30 Aprili 1980 watu 6 wenye silaha waliingia ubalozi wa Iran pale Princes Gate London wakashika mateka 26. Siku zote zile mkuu wa eneo alikuwa polisi, polisi ndio wanaongea na watekaji kwenye simu, polisi ndio wanapeleka chakula na sigara, na SAS walikuwa tayari wako pembeni kimya na michoro ya jengo mkononi ila hawana mamlaka ya kufanya chochote. Tarehe 5 Mei watekaji wakaua mateka mmoja wakatoa mwili nje. Saa 1:07 jioni polisi akasaini kumkabidhi eneo kamanda wa SAS, saa 1:23 wakaingia, dakika 17 imeisha, na baada ya hapo eneo likarudishwa kwa polisi kwa utaratibu uleule. Watekaji 5 kati ya 6 walikufa na mateka mwingine mmoja aliuawa humohumo ndani wakati wa uvamizi, kwahiyo haikuwa safi kwa asilimia mia kama inavyosimuliwa. Ila muda wote huo hakuna sekunde ambayo ungeuliza "nani bosi hapa" ukakosa jibu, na majibu yasingekuwa mawili.

Udhaifu wake ni umbali. Hereford sio London. Wale washambuliaji watatu wa London Bridge tarehe 3 Juni 2017 waliua watu 8 na wakauawa na polisi wa kawaida wenye silaha ndani ya dakika 8 toka simu ya kwanza ipigwe. Dakika 8 hata mtu mwepesi namna gani kule Hereford hajamaliza kufunga kamba za buti. Na mashambulizi ya siku hizi hayana mazungumzo wala madai, mtu anaingia kuua mpaka afe, hizo siku sita za kuchora ramani huzipati. Waingereza wenyewe wameliona hilo ndomana polisi wao nao kuanzia kipindi cha Olimpiki ya 2012 wakawa na kikosi chao cha kazi hizi, CTSFO.

Ujerumani wao walienda upande wa pili kabisa, na sababu ni historia. Baada ya Hitler katiba yao ililibana jeshi lisicheze na mambo ya ndani, kwahiyo Septemba 1972 wanamichezo wa Israel walipotekwa kwenye Olimpiki ya Munich kazi iliangukia polisi wa jimbo la Bavaria ambao hawakuwa na wadunguzi waliofunzwa, waliwekwa watu watano wa bunduki dhidi ya watekaji wanane, na hata redio za kuongea wao kwa wao hawakuwa nazo. Wanamichezo 11 walikufa. Mwezi huohuo ikaundwa GSG 9 chini ya Ulrich Wegener, na wakaiweka kwenye walinzi wa mpaka ambao ni polisi wa shirikisho, jeshi halihusiki. Miaka mitano mbele, usiku wa kuamkia 18 Oktoba 1977, hao polisi ndio walioingia kwenye ndege ya Lufthansa pale Mogadishu wakatoa mateka wote waliokuwemo, dakika chache tu, watekaji watatu kati ya wanne wakafa. Rubani alikuwa ameshauawa kabla, kule Aden. Kwahiyo anayesema polisi hawawezi kazi ya nje ya nchi amjibu Mogadishu kwanza.

Ila nikuonyeshe na upande wa pili wa hiyohiyo GSG 9. Mwaka 2009 meli ya Wajerumani Hansa Stavanger ilitekwa na maharamia wa Kisomali, wakaletwa GSG 9 kama 200 mpaka Mombasa huku, mafunzo wanayo, silaha wanazo, meli ya kuwasogeza na uwanja wa kurushia helikopta baharini hawana. Ikabidi wapande meli ya Wamarekani, USS Boxer, na mwisho Washington haikutoa ruhusa, oparesheni ikafutwa, watu wakarudi kwao na meli ikaja kuachiwa Agosti baada ya fidia. Hapo ndipo unaona tofauti ya polisi na jeshi ilipo hasa, shabaha inaweza kuwa sawa kabisa ila jeshi ndio lina ndege, meli, madaktari wa vita na mafuta. Polisi mzuri asiye na usafiri ni kama fundi asiye na boksi la vifaa.

Jeshi la Ujerumani nalo lina komandoo wake, KSK, wa mwaka 1996, na kichocheo kikubwa kilitoka kwetu huku. 1994 mauaji ya Rwanda yalipoanza kulikuwa na wafanyakazi wa redio Deutsche Welle wamekwama Kigali na Ujerumani haikuwa na mtu wa kuwatuma, wakaja kutolewa na makomandoo wa Ubelgiji. Nchi tajiri vile, aibu. Saivi KSK ni wa nje, GSG 9 ni wa ndani na mateka. Na hata hao KSK wamekuja kupata matatizo ya aina nyingine, 2020 kampuni nzima ilivunjwa kwasababu ya siasa kali za mrengo wa kulia ndani ya kikosi, kumbe kikosi cha siri sana kinaweza kuota mambo yake chinichini bila mtu kujua.

Marekani nitapita haraka. Sheria yao ya 1878 inazuia jeshi kufanya kazi za polisi ndani ya nchi, kwahiyo ndani ni HRT, kikosi cha kuokoa mateka cha FBI kilichoanza 1983, nje ni Delta, makomandoo wa jeshi la nchi kavu wa 1977, na wale wa jeshi la maji. Kinachofaa kwetu ni kile walichojifunza Aprili 1980 jangwani Iran. Walienda kuokoa mateka wa ubalozi wao wa Tehran na mchanganyiko wa kila jeshi, makomandoo wa jeshi la nchi kavu, helikopta za jeshi la maji, marubani wa Marines, ndege za jeshi la anga, na hawa watu hawakuwa timu moja. Helikopta 8 zilitoka, zilizohitajika angalau 6, zikabaki nzima 5, wakaamua kurudi na wakati wa kuondoka helikopta ikagonga ndege, watu 8 wakafa bila hata adui kufyatua risasi. Baada ya pale wakaunda komandi moja ya pamoja, JSOC, Desemba mwaka uleule, wakaunda na kikosi cha helikopta ambacho kazi yake ni kubeba makomandoo tu, na 1987 ikaja SOCOM, komandi kubwa ya vikosi maalumu vyote, yenye bajeti yake. Pesa ile hatuna, ila ile ya kufanya mazoezi na rubani yuleyule atakayekubeba siku ya tukio hiyo haihitaji utajiri.

Ufaransa kwangu ndio darasa la wivu wa vikosi. GIGN wako jandarmeri, yani ni wanajeshi kwa cheo ila kazi yao ya polisi, walianza miaka ya 70 na Februari 1976 tu walikuwa Loyada mpakani Djibouti na Somalia kwenye basi la watoto wa shule lililotekwa, alafu 1994 wakaingia ndege ya Air France iliyotekwa pale Marseille. Polisi nao wakaanzisha kikosi chao, RAID, 1985. Polisi wa Paris wana BRI yao. Watatu! Usiku wa 13 Novemba 2015 pale Bataclan, ukumbi wa muziki Paris, walikufa watu 90, na wa kwanza kuingia hakuwa komandoo yeyote, alikuwa ofisa wa polisi na dereva wake wana bastola tu, wakampiga mshambuliaji mmoja na hapo mauaji ya ukumbini yakapungua kasi. BRI wakaja kumalizia, RAID wakasaidia, na GIGN walikuwa kwenye kambi ya karibu hapohapo Paris wamekaa tayari hawakuitwa, kwasababu Paris ni eneo la polisi. Wafaransa walizozana sana juu ya hilo, na Aprili 2016 waziri wao wa mambo ya ndani akatoa utaratibu mpya, likitokea tukio kikosi cha karibu ndio kinaingia bila kujali eneo ni la nani, na lengo ni mtaalamu awe amefika ndani ya dakika 20 popote nchini. Ujue huo uamuzi haukuleta bunduki mpya hata moja, ilikuwa ni kufuta mipaka ya uongo tu.

India ndio wanaofanana na sisi kwa ukubwa wa shida. NSG, kikosi chao cha taifa cha kupambana na ugaidi, ni mseto wa makusudi, kundi la kuvunja milango, SAG, linatoka jeshini na kundi la kusaidia na kuzingira linatoka kwenye vikosi vya polisi, wote wako chini ya wizara ya mambo ya ndani. Kwa karatasi ni mfumo mzuri kuliko yote niliyotaja. Sasa 26 Novemba 2008 usiku vijana 10 wakaingia Mumbai kwa boti, na NSG wote wako Manesar, jirani na Delhi, ndege kubwa ya kuwabeba iko mji mwingine, wakishuka Mumbai inabidi watafutiwe mabasi. Wamekuja kuanza kazi kumeshapambazuka, zaidi ya watu 160 walikufa mpaka inaisha tarehe 29. Mwaka uliofuata wakafungua vituo Mumbai, Chennai, Hyderabad na Kolkata. Yani somo lilikuwa la ramani.

Haya, Kenya. Pale kuna Recce ambao ni kampuni ya GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, kwahiyo ni polisi, kambi yao Ruiru jirani na Nairobi. Na kuna KDF, jeshi la Kenya, wenye bataliani ya parachuti ya 20, ya 30 ya vikosi maalumu na ya 40 ya Rangers, hawa ndio wazoefu wa Somalia toka Oktoba 2011. Wote wazuri. Na katiba yao kwenye ibara ya 241 inaruhusu jeshi kusaidia wakati wa dharura ila bunge lipewe taarifa, na kama ni kutuliza ghasia ndani ya nchi bunge liidhinishe kwanza. Kwahiyo sheria ipo. Westgate, jengo la maduka Nairobi, 21 Septemba 2013, washambuliaji 4, waliotangulia kuingia ni polisi wachache waliovaa kiraia na raia wenye bastola za leseni, na hao ndio waliotoa watu wengi mwanzoni. Recce wakaja, jeshi nalo likaja, hakuna aliyekabidhiana na mwenzake kama vile Princes Gate, na risasi za upande wa serikali zikamuua kamanda wa Recce. Polisi wakatoka, jeshi likabaki, siku nne, sehemu ya jengo ikaporomoka, watu 67 wamekufa. Mi nikisikia mtu anasema Westgate ilishindikana kwasababu ya mafunzo nashangaa, wale Recce na wale KDF kila mmoja peke yake angeweza kumaliza mapema zaidi.

Garissa, 2 Aprili 2015, hapakuwa na kugongana, kulikuwa na kusubiri. Washambuliaji 4 tena, alfajiri, chuo kikuu. Askari wa kambi ya jeshi iliyopo mjini palepale walifika wakazingira. Recce wako Nairobi, kama kilomita 360 hivi, na ndege ikawa kizungumkuti, wamefika mchana. Jioni walipoingia haikufika hata saa moja, kimya. Lakini 148 walikuwa wameshakufa, wengi wao wanafunzi. Jiulize swali gumu, wale wanajeshi waliokuwa wamezingira toka asubuhi, wangepewa ruhusa na mafunzo kidogo ya kuingia jengo lenye mateka, hesabu ingekuwa ileile? Mfaransa saivi angejibu aliye karibu aingie.

Alafu DusitD2, hoteli na ofisi za Nairobi, 15 Januari 2019, washambuliaji 5, waliouawa 21, waliotolewa salama zaidi ya 700. Polisi ndio walishika usukani, vikosi tofauti vikaingia chini ya amri moja, kesho yake asubuhi imeisha, karibu masaa 19. Kulikuwa mpaka na komandoo mmoja wa Kiingereza amevaa soksi ya uso ambaye picha zake zilizunguka dunia nzima, watu wakamsahau Mkenya aliyekuwa mbele yake. Ni maendeleo makubwa, lazima wapewe haki yao. Ila tusijidanganye, Dusit iko Nairobi, karibu na kila kitu. Mtihani wa Garissa hawajarudia kuufanya kwa ukubwa ule, na wala tusiombe.

Uganda nao wana mfumo wao, SFC, kikosi maalumu cha jeshi, ndio inamlinda rais na ndio hiyohiyo inaenda vitani, mi huo siuwezi hata kuujadili kama mfano wa kuiga, maana siku ya tukio kubwa kikosi kinakuwa na kazi mbili na unajua kabisa ipi itatangulia.

Kwahiyo ungeniuliza mimi kwa nchi kama Tanzania, nisingechukua wa Uingereza mzima mzima ingawa ndio nimeusifia sana, kwasababu ule unategemea nchi ndogo yenye barabara na helikopta za kumwaga. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na tunajua ng'ambo ya Ruvuma kule Cabo Delgado, Msumbiji, kuna wapiganaji gani. Ningechukua mtu wa Kijerumani na ruhusa ya Kifaransa. Yani mlango wa mjini avunje polisi, awe na kikosi chake kamili, kwasababu tukio la mjini linaisha mahakamani, ushahidi unatakiwa, maganda ya risasi yahesabiwe, na mwanajeshi hafundishwi hivo na sio kosa lake. Ila kila mkoa wa pembezoni uwe na watu kadhaa, FFU au wanajeshi wa kambi ya karibu sijali, waliofunzwa kitu kimoja tu, kuingia na kuzuia mauaji yasiendelee mpaka wakubwa wafike. Makomandoo wa JWTZ wabaki na msituni, mpakani na nje ya nchi, kazi wanayoiweza, hata Congo 2013 vijana wetu walienda na ile brigedi ya kupambana na waasi wa M23 na walisikika. Na jeshi liwe na deni moja kwa polisi, ndege ya kuwabeba, usiku na mchana, bila barua ya kuomba.

Karatasi ya Kiingereza nayo ningeichukua, iwe imeandikwa tayari na watu wamefanya mazoezi ya kuisaini, nani anampa nani, saa ngapi, na nani anarudisha.

Kuna sehemu moja tu ambayo ningempa jeshi moja kwa moja bila ubishi, bahari. Fikiria boti ya Zanzibar imejaa abiria, watu wenye silaha wameshika chumba cha nahodha katikati ya mkondo, polisi yupi atapanda pale? Oktoba 2020 kusini mwa Uingereza meli ya mafuta Nave Andromeda iliomba msaada kwasababu ya watu 7 waliojificha ndani wakaanza vurugu, polisi wakaomba jeshi, SBS wakashuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta, dakika 9 wamewashika wote, wakawakabidhi kwa polisi. Hawakujeruhi mtu. Na baadaye kesi yenyewe ikafutwa, jamaa walikuwa wazamiaji tu.